Nyie mnaoanza kuhariri hadithi, acheni kumdai mzimu kitambulisho

Wadogo zangu mlioingia kwenye meza ya fasihi mwaka huu, nawapenda, laptopu ikigoma nyie ndio mnaniokoa, lakini hizi komenti zenu za pembeni zitanipandisha presha. Juzi nimefungua faili la hadithi fupi, kuna bibi anaongea na kisima na kisima kinamjibu, mmoja wenu kaandika pembeni: "Kisima hakiwezi kuongea, mwandishi afafanue kama hii ni ndoto." Mwingine kaja chini yake kaandika "naunga mkono". Sasa kwenye hadithi hiyohiyo mume wa bibi ana jicho moja tu, tumeambiwa ukurasa wa tatu, halafu ukurasa wa tano anamkonyeza jirani kwa jicho ambalo hana. Hamna aliyeona. Kisima mmekishika, jicho limepita.

Mwongozo wa uhariri mnao, mambo ya nukta na herufi kubwa yamo humo, sirudii. Haya hayamo.

1. "Haiwezekani" sio komenti

Lifuteni kabisa hilo neno. Shaaban Robert mwaka 1951 katutolea Kusadikika, nchi nzima inaelea angani, na huyu alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, mtu wa mafaili na mihuri, mnadhani hakujua kwamba nchi hazielei? Ishushe hiyo nchi, iite Tanganyika, Karama, yule mshitakiwa wa kitabu, mweke kwenye kizimba cha mahakama ya Tanga anasomewa shitaka la kufundisha watu sheria, halafu nenda kaombe uchapishiwe miaka ile uone. Lakini hata tukiacha mambo ya mkoloni, kule angani kuna faida nyingine. Wajumbe sita wanatumwa nje mmoja baada ya mwingine wakatafute mema ya kwingine, wanahangaika huko, wanarudi na maarifa, wanatiwa gerezani. Ukifika kwa wa tatu ushajua yatakayomkuta wa nne na bado unaendelea kusoma, unasema labda huyu. Ingekuwa ripoti ya tume ungeshaifunga.

Swali letu ni kwamba hii hadithi imejiwekea kanuni gani, na je inazifuata? Kwenye Adili na Nduguze ya Shaaban huyohuyo kuna ndugu wawili wamegeuzwa manyani na Adili ana sharti la kuwachapa kila usiku. Haya, manyani tumekubali. Kuanzia hapo unakuwa mkali: hao ni ndugu zake, anawachapaje, anajisikiaje, mtu akimuona atasemaje. Shaaban anajibu yote hayo. Angesahau viboko katikati ya kitabu bila kutupa sababu, hapo ndipo pa kuweka komenti yako.

Na msiniletee "ameiga". Hilo la Adili mifupa yake iko kwenye Alfu Lela Ulela, kila mtu anajua. Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, na kiko chake mdomoni, nyuma yake unamuona kabisa Sherlock Holmes, lakini mtie Bwana Msa London uone kama atatembea hata mtaa mmoja, yule ni wa Unguja mpaka kwenye maneno. Muhammed Said Abdulla alishinda na kitabu cha huyo Bwana Msa shindano la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958, kile cha Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapwa 1960, na miaka hiyo kazi yake ya mchana ilikuwa kuhariri jarida la kilimo. Mtu anashinda na habari za mazao, akitoka hapo anaenda kutafuta muuaji. Nyie mnasema uhariri unawamalizia ubunifu.

2. Kahawa ya marehemu

Hii naisimulia kwa urefu na mtanivumilia.

Kule nilikoanzia kazi, sipataji, niliwekewa mezani kaunta buku mbili zimejaa kalamu ya bluu mbele na nyuma. Mwandishi ni mzee wa pwani, alikuja nazo mwenyewe kwa basi, zimefungwa kwenye rambo mbili zisilowe. Hadithi yake ni mji mdogo wa bahari, kila maji ya bamvua yakijaa, wale waliokufa huku wanadai watu wanapanda kutoka baharini kuja kudai chao. Hawatishi mtu. Wanapiga hodi, wanangoja wakaribishwe, wanataja deni na mwaka.

Kuna ukurasa mmoja. Marehemu fundi kaja kudai ujira wa kukalafati mashua, mdeni hayupo, mke anasema katoka sasa hivi (uongo, yuko uvunguni), basi marehemu anakaa barazani kungoja. Muuza kahawa anapita na dele lake anagonga vikombe, marehemu anaagiza kimoja, anakunywa, kahawa inapita moja kwa moja inadondoka chini ya baraza. Muuza kahawa anakiangalia kile kidimbwi, anamwangalia marehemu usoni, anamwambia, mzee, imekaa haikukaa, kikombe ni kikombe. Marehemu anajipapasa kanzu, mifuko mitupu. Maji yanaanza kutoka, inabidi aondoke, na anaondoka na deni.

Nilicheka. Nilikuwa peke yangu ofisini na nikacheka kwa sauti, halafu nikachukua kalamu nyekundu.

Mjue nilikuwa ndio nimetoka chuo, "fasihi ni kioo cha jamii" iko kichwani bado ya moto, uhalisia wa hivi uhalisia wa vile, na nilitaka bosi aone kwamba nasoma kihakiki. Nikaandika: "Haina uhalisia. Msomaji wa leo haamini mizimu. Pendekezo: wadai wawe maafisa wa mikopo kutoka mjini." Pale kwenye kahawa nikaandika: "Iondolewe, haisukumi msuko." Nikapiga mstari chini mara mbili. Nikajiona nimekiokoa kitabu.

Mzee hakubishana hata kidogo, na hilo ndilo linaniuma. Alinisikiliza, mimi namuita mzee, yeye ananiita mwalimu, mtu ambaye ningeweza kuwa mjukuu wake, akasema sawa mwalimu, nyie ndio mmesoma. Akaenda, akarudi na kaunta buku mpya, yote kayafanya kama nilivyoagiza. Maafisa wa mikopo wana mikoba, wanapiga hodi, wanataja deni na mwaka. Muuza kahawa yumo bado, kaachwa kwenye sentensi moja, anauza kahawa analipwa anaondoka. Kila sentensi safi, prufu haikunisumbua hata siku moja, na ndani hamna kitu. Kitabu kilitoka, kikakaa stoo, watu wa mauzo wakawa wanakipitia juu kwenda kuchukua vingine.

Baadaye nikaanza kuelewa nilichokikata. Kwenye maziko pwani, na sio pwani tu, familia inasimama inatangaza, jamani anayemdai marehemu ajitokeze, na wenye madeni wanajitokeza. Wote tumelisikia hilo tangazo tumesimama na kofia mkononi. Yule mzee alichofanya ni kuligeuza upande wa pili: na marehemu mwenyewe anayedai, yeye atatangazia wapi? Basi. Riwaya yote imetoka hapo. Kalichukua jambo ambalo jamii nzima inalifanya kila wiki na kaliona kutoka mahali ambapo hakuna aliyewahi kusimama, halafu mimi na digrii yangu nikamwambia haina uhalisia.

Nilimpigia nikamuuliza kama ana kazi nyingine, akasema ameacha, macho. Inawezekana ni macho kweli. Nikamuuliza zile kaunta buku za kwanza ziko wapi, akasema nyumbani walishazichana za kufungia karanga.

Kwa hiyo mkiona nawafokea kwa sababu ya kisima, mjue sio kisima tu.

3. "Ila ni kisa cha kweli"

Huu ni upande wa waandishi lakini mnaukubali mno. Nusu ya imeili zinazokuja na miswada zinasema hiki ni kisa cha kweli kilichonipata. Pole ndugu yetu, tunasikitika, ila ukurasa wako bado umekufa. Kweli haimfanyii mwandishi kazi yake.

Namagondo ni kijiji cha kweli, Ukerewe, mwandishi Kezilahabi kazaliwa pale mwaka 1944, na riwaya yake Rosa Mistika (1971) inaanzia hapohapo. Zakaria anamchapa binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana, na msomaji hana haja ya kujua kama Zakaria alikuwepo, msomaji yuko busy anataka kumshika mkono. Kitabu kilikuja kuzuiwa mashuleni kwa muda, watu walivyokasirika utadhani Rosa ni mtoto wa jirani. Halafu mtu huyohuyo akaandika Nagona, 1990, na Mzingile, 1991, humo hujui hata unatembea nchi gani, wasomaji wakalalamika na wengine mpaka leo wanalalamika. Mimi Nagona nimeisoma zaidi ya mara moja na kuna kurasa bado zinanishinda, ila siwezi kusema zimekosewa. Miswada hiyo ingeangukia kwenu mngemrudishia na komenti "mandhari haieleweki, ni mkoa gani?"

Abdulrazak Gurnah naye kazaliwa Unguja mwaka 1948, na riwaya yake Paradise (1994) ni misafara ya kwenda bara kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, yule mtoto Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz kwa deni la baba yake. Hakuwepo. Kaikalia Uingereza akaiandika. Tulipompata wa Nobel mwaka 2021 kila mtu akawa ndugu yake, lakini Peponi, tafsiri ya hiyo Paradise aliyoifanya Ida Hadjivayanis, imetoka 2022 na kuna watu humu ofisini hawajaigusa. Nawajua kwa majina.

Na Franz Kafka, mwandishi wa Prague, huyu naye hakuwahi kukanyaga Marekani maisha yake yote, akaandika riwaya ya kijana aliyefukuzwa na wazazi wake anaingia bandari ya New York. Mwanzoni tu kijana anaitazama Sanamu ya Uhuru, imeshika upanga. Upanga! Mwenge hamna. Nawaona kabisa mlivyokimbilia gugo mkabandika picha. Fikirieni lakini, mtoto kafukuzwa kwao, kafika ugenini, cha kwanza kumpokea ni mama mkubwa wa shaba kanyanyua upanga. Ukiuweka mwenge umesahihisha sanamu umeharibu kitabu.

Haya msije mkaruka kwenda upande wa pili mkaacha kila kitu eti ni ubunifu. Kama hadithi ni ya Dar ya kawaida na daladala linatoka Mwenge kwenda Tegeta linapitia Mbagala, hilo ni kosa, lisahihisheni. Mtu anayebuni anaweka kitu kinachofanya kazi mahali pengine pia, anayekosea anakiweka na kukisahau. Mkishindwa kutofautisha kuna simu hapo mezani, mpigieni mwandishi, na muanze na shikamoo kabla ya msuko.

4. Matigari

Kuna kijana aliniuliza, sasa kaka, mhusika wa kubuni kabisa anaweza kuwa na nguvu gani kwenye jamii, tukiwa na matatizo halisi. Ngũgĩ wa Thiong'o mwenyewe kasimulia hili. Riwaya yake Matigari ilitoka kwa Kigikuyu mwaka 1986, mwanzoni mwa 1987 taarifa zikafika serikalini kule Kenya kwamba huko vijijini watu wanamzungumzia mtu anaitwa Matigari, anazunguka nchi nzima anaulizia ukweli na haki. Ikatoka amri akamatwe. Polisi wakaja kugundua kwamba huyo ni mhusika wa riwaya, hana mikono ya kufungia pingu, ikabidi wakakikamate kitabu madukani.

Mhusika mpaka anatafutwa na polisi! Maafisa wangu wa mikopo walikuwa na mikoba, tai na vyeo, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniuliza wako wapi.

5. Vidogo vidogo

Someni mazungumzo ya wahusika kwa sauti. Mhusika wa Pemba akiongea Kipemba mwacheni, msimsanifishe, maelezo ya msimulizi ndiyo ya kusanifisha na hata hapo muulize kwanza. Msimwongezee mtu methali. Ukicheka au ukishtuka wakati unasoma, weka alama pale kabla ya kitu kingine chochote, na hiyo sehemu usiikate mpaka umelala nayo.

Hadithi ikiwa na nchi ya kubuni, chora ramani yake kwenye karatasi, mto uko wapi, ikulu iko wapi, mtu anatembea siku ngapi, kwa sababu nchi ya kubuni haina mtu wa kukusahihisha.

Na tengenezeni orodha ya wahusika tangu sura ya kwanza, nani ndugu wa nani, nani ana jicho moja, nani amekufa. Tuliwahi kutoa riwaya ambayo mjomba kazikwa sura ya nne, na hitma imesomwa, sura ya kumi na moja yuko kwenye harusi ya mpwa wake anacheza na anasifiwa kiuno. Haikuwa riwaya ya mizimu. Barua ya kwanza ya msomaji ilipofika iliuliza hilohilo tu, na bosi akanipa mimi niijibu.