Stika ya kuzuia "mionzi" ya sola haikukingi na kitu

SWALI: Kijijini kwetu unapangwa mtambo wa umeme wa jua wa megawati 50, na shamba langu litapakana na uzio wake. Kuna mtu anapita nyumba kwa nyumba akisema paneli hutoa mionzi inayoharibu mimba na kukausha mazao. Anauza stika za kinga. Ninunue?

JIBU: Usinunue. Kila mtambo mpya unapotangazwa swali hili hunifikia, na muuza kinga huwa ameshafika kabla ya mhandisi.

Paneli haina mionzi ya kukudhuru. Inapokea mwanga, takriban asilimia 20 hugeuka umeme, sehemu kubwa ya uliobaki huwa joto. Inveta (mashine inayogeuza umeme wa paneli uwe wa aina ya nyumbani) na transfoma zina uga wa sumaku, lakini hufifia upesi ukisogea mbali nazo.

Kinachonikera ni kwamba aliyebandika stika huamini amekingwa, kisha anaruka uzio kumfuata mbuzi wake. Hatari iko huko ndani, nayo ni umeme wenyewe. Nikifundisha mafundi wapya hulaza paneli moja juani, haijaungwa na chochote, nikagusisha mita kwenye ncha za nyaya zake: volti 40 na ushee, papo hapo. Nikiifunika turubai zito, namba inaporomoka. Mtamboni paneli kama hizo huungwa moja baada ya nyingine hadi kufikia volti 1,500, na hata inveta ikizimwa, nyaya zile hubaki na umeme mpaka giza liingie. Tena ni umeme wa DC, yaani unaokwenda upande mmoja tu bila kupinduka. Ukikata waya wakati mkondo unapita, cheche yake haikatiki upesi kama ya umeme wa nyumbani, ambao hushuka hadi sifuri mara 100 au zaidi kwa sekunde.

Kwa hiyo ninyi nyote mtakaoishi jirani na mitambo hii, waya uliochunika msiuguse. Paneli iliyopasuka bado ina umeme. Ikishika moto, msikimbilie ndoo ya maji. Kaeni mbali, iteni zimamoto. Na watoto waambiwe mapema, kabla nguzo ya kwanza haijasimikwa.

Hela ya stika kaa nayo. Kwenye mkutano wa kijiji, muulize mwekezaji maji ya mvua yatakayomwagika kutoka kwenye paneli yataelekezwa wapi, kwa sababu wa kwanza kuchimbiwa korongo ni shamba lililo kando ya uzio.