Muulize Bwana Nyama: "Mtoto wa fira" aliyetoka na mvua

SWALI: Shikamoo Mzee. Naishi Muheza, nje kidogo ya mji, na wanangu watatu na mdogo wangu wa kiume. Juzi usiku mvua ilipokatika nilitoka na tochi ya simu kuanua kanga nilizozisahau kambani. Kwenye ngazi ya baraza nikaona kitu cheusi kinang'aa, unene wa kidole changu cha mwisho, urefu kama futi moja na nusu. Nikadhani ni nyungunyungu mkubwa. Nilipomgusa na kijiti hakukimbia wala hakuinua kichwa. Alipinda shingo akashusha pua mpaka chini, kama mtu aliyerukuu. Mdogo wangu akataka kumkamata shingoni, eti ameona kwenye video kwamba nyoka akishikwa pale hawezi kugeuka. Nikamzuia. Jirani akaja na mchi akammaliza. Sasa maneno yamekuwa mengi: jirani anasema ni mtoto wa fira na mama yake atamfuata, bibi anasema ni nyoka kipofu wa udongoni, hana neno. Picha hiyo hapo, nimemweka juu ya gunia na sarafu ya shilingi mia mbili pembeni. Ni nani huyu? Na nimwage mafuta ya taa kuzunguka nyumba?
Mama Zuhura, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya yote, mwambie mdogo wako siku akipita huku aje aone kidole gumba changu cha kulia. Ncha yake haipo tangu 1987.

Nilikuwa na miaka minne kazini, najiona fundi. Tulipiga kambi upande wa Handeni, mvua za vuli zimeanza, nyoka kama wako akachomoza chini ya turubai. Nikamshika kama tulivyofundishwa: kidole cha shahada juu ya kichwa, gumba na cha kati mashavuni. Mdomo wake ulikuwa umefumba, nauona kwa macho yangu. Nikahisi nimechomwa na mwiba. Nikamtupa, nikacheka, nikasema ni kajiti. Baada ya robo saa sikuwa nacheka tena. Maumivu yalipanda hadi kwapani, usiku kucha nilitembea nikizunguka moto kwa sababu kukaa nilishindwa. Asubuhi mkono umejaa mpaka kwenye kiwiko, malengelenge yamepanga foleni, na wiki ya pili nyama ya ncha ya kidole ikawa nyeusi ikabanduka.

Huyo ndiye uliyemkuta kwenye ngazi. Wataalamu humwita Atractaspis, na Waingereza wamempa jina la kile kisu chembamba cha kuchomea. Mimi namwita nyoka wa pembeni, maana meno yake ya sumu ni marefu kupita kadiri ya kichwa chake na hayangoji mdomo ufunguke. Jino moja huchomoza ubavuni mwa mdomo, ncha ikielekea nyuma, naye hutikisa kichwa tu, kama mtu anayekupiga kiwiko ndani ya daladala. Ameumbwa hivyo kwa kazi yake. Anaishi ardhini, anaingia kwenye mashimo kula vitoto vya panya na mijusi, na humo hamna nafasi ya kupanua mdomo. Sasa fikiria vidole vyako viwili viko mashavuni mwake. Hakuna namna ya kumshika shingoni ukasalimika, hata kama umefanya kazi hii miaka thelathini.

Nimemjuaje? Kichwa jirani amekisaga, kwa hiyo ilibidi nianzie mkiani. Mkia mfupi, butu, halafu mwishoni kuna kincha kidogo kama cha sindano ya cherehani. Tumboni magamba ni mapana, yamekata upande hadi upande. Hapo bibi nimemwacha, anisamehe, kwa sababu nyoka kipofu magamba yake ni madogo yanayolingana mwili mzima, juu na chini. Yupo pia nyoka mwingine mweusi wa usiku, asiye na madhara, anayekula mijusi. Yeye kichwa chake ni bapa na magamba yake yana ukingo mweupe kama amepakwa unga. Wako hana unga, anang'aa kama kiatu kipya.

Lakini kilichoniondolea shaka si picha, ni lile neno lako "aliyerukuu". Fira akichokozwa huinua kichwa na kutanua shingo, hata yule aliyetoka kwenye yai leo asubuhi. Huyu huinamisha. Ukimwona nyoka mdogo mweusi, usiku, baada ya mvua, anakupindia shingo pua ikitazama chini, usihitaji kumwona mkia. Rudi nyuma.

Habari za mama kumfuata mwanawe usizipe nafasi. Fira hutaga mayai na kwenda zake. Chatu ndiye anayeyazungushia mwili mayai yake, na hata yeye sijamsikia akifika mlangoni kwa mtu kudai mtoto.

Mafuta ya taa yaache kwenye kibatari. Hayamzuii nyoka anayepita chini ya ardhi, na mvua ya masika itayapeleka moja kwa moja kisimani. Nikiwa wewe ningeanza na watoto. Wanalala kitandani au kwenye mkeka? Nauliza kwa sababu nyoka huyu huwapata hasa wanaotembea peku usiku na wanaolala sakafuni, mtu akigeuka usingizini akamlalia. Kama ni mkeka, basi chandarua kishuke na kichomekwe chini yake pande zote, siyo kining'inie kama pazia. Ukitoka nje usiku vaa viatu vinavyofunika vidole, si ndala. Rundo la makuti au matofali lililoegemea ukuta lisogezwe, panya wakihama naye hana cha kufuata.

Ikitokea mtu amechomwa, vueni pete na bangili mara moja kabla mkono haujajaa, mkono au mguu utulie, na safari iwe ya hospitali. Msichanje, msifunge kamba, msinyonye. Jiwe la nyoka liacheni. Mimi niliwekewa, lilinata vizuri sana, na kidole kikaoza vilevile. Mwelezeni daktari alivyokuwa nyoka, kwa sababu sindano za kuzuia sumu zinazokuja kwetu zimetengenezwa kwa akina fira, koboko na moma. Kwa huyu hazifui dafu, tena zinaweza kumletea mgonjwa mzio bure. Atahitaji dawa nzito ya maumivu, kinga ya pepopunda na uangalizi wa kidonda.

Jirani yako hana kosa, ila siku nyingine ufagio wa mti mrefu na ndoo iliyolazwa vinatosha: unamsukumia ndani, unaisimamisha ndoo, unafunika, unampeleka mbali na nyumba. Hawezi kupanda ukuta wa ndoo. Huyo aliyekufa mfukieni, kichwa hasa, kwa sababu jino la nyoka mfu bado linachoma na watoto hawajui kuacha. Na mchi, tafadhali, uoshwe kwa sabuni kabla haujarudi kwenye kinu.

Bibi msalimie sana. Nyoka kipofu anayemsema yupo kweli huko Muheza, na mvua hizi hizi zitamtoa. Akitokea nitumie picha yake, ila safari hii mwacheni na kichwa chake.