Ukinunua pikipiki ya zamani ya motokrosi, usilipie jina la bingwa

Naishi Uingereza, na wikiendi zangu nyingi zinaishia kwenye magulio ya pikipiki kuukuu, hasa za motokrosi, yaani za mbio za njia za udongo. Sikosi kumkuta mtu anayelipishwa jina badala ya chuma. Ukiambiwa "hii ndiyo aliyopanda fulani", tulia kwanza, uliza undugu wa hiyo inayouzwa na ile ya bingwa ni upi.

Chukua Suzuki. Roger De Coster wa Ubelgiji alitwaa ubingwa wa dunia wa daraja la injini za cc 500 mara tano, kuanzia 1971 hadi 1973, kisha 1975 na 1976, zote juu ya Suzuki. Basi muuzaji wa TM400, Suzuki ya dukani ya miaka hiyo, atamtaja De Coster hata hujafungua mdomo. Lakini ya De Coster ilikuwa ya timu ya kiwanda, nyepesi, na haikuuzwa dukani. TM400 ilikuwa nzito, na nguvu yake ilikuja kwa kishindo, gurudumu la nyuma likaanza kukimbilia kwake. Inunue kama unaipenda, ila kwa bei yake yenyewe.

Pikipiki za CZ, kutoka Strakonice huko Chekoslovakia ya wakati ule, ni habari nyingine. Paul Friedrichs alishinda nayo cc 500 mfululizo, 1966 hadi 1968. Joël Robert alichukua nayo cc 250 mwaka 1964, 1968 na 1969, ndipo akahamia Suzuki na kuongeza mataji matatu. Mpanda pikipiki wa kawaida aliweza kununua CZ iliyofanana sana na zile za mabingwa. Husqvarna, pikipiki ya Uswidi ambayo Torsten Hallman alishinda nayo ubingwa wa dunia mara nne, nayo iko kwenye kundi hilo.

Ukifika kwa muuzaji, gusa injini kabla ya salamu kwisha. Ikiwa ya moto, amekwisha kuiwasha. Subiri ipoe, kisha upige kiki wewe mwenyewe. Ikiwaka, vuta mafuta kidogo na uachie. Mlio ukigoma kushuka, huenda sili za krenki (vizibo vya mhimili wa injini) zimechoka na injini inanyonya hewa, na injini ya tu-stroki ikinyonya hewa inaunguza pistoni. Izime, fungua kifuniko cha sumaku ya kuwashia pembeni mwa injini, shika gurudumu la sumaku hiyo ulisukume juu na chini. Likicheza, beringi za krenki zimekwisha, na hapo bei ishuke sana.

Fremu ikague chini ya shingo ya usukani na pale mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu la nyuma, unapofungwa. Rangi mbichi sehemu hizo tu? Kuna weldi chini yake.

Pesa yangu ikitosha moja tu, nachukua CZ ya cc 250. Wengi wameng'oa kabureta yake ya Jikov wakafunga ya Mikuni, ya Kijapani, na kweli inawaka kirahisi zaidi. Muuzaji akiwa bado na ile Jikov kwenye boksi, mwombe akuongezee.