Majani ya viungo kwenye kuku wa kukaanga: kijiko ni kilekile, ukali sio

Wewe unayeanza kuchanganya mwenyewe viungo vya kuku wa kukaanga, nianze na kosa lililonigharimu vipande 40. Nilizoea thaimu ya majani makavu, kijiko kimoja cha chai kwa vikombe 2 vya unga wa ngano. Siku ya oda ya kipaimara, dukani nikakuta iliyosagwa tu. Nikapima kijiko kilekile. Kuku akatoka karaini na rangi nzuri, ganda kavu linalia, lakini ukitafuna ni uchungu wa dawa ya kikohozi. Mama mwenye sherehe alikula kipande kimoja akanyamaza. Nilimrudishia pesa yake yote.

Iliyosagwa hushikamana kijikoni, ya majani huacha hewa katikati. Ukihamia iliyosagwa, anza na nusu ya kipimo. Mabichi ni kinyume: yamejaa maji, kwa hiyo kijiko kimoja cha makavu hukaribia vitatu vya mabichi.

Rozmari ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, na kwenye unga siiweki kabisa. Ikikauka inakuwa ngumu kama vijiti, na kwenye mafuta ya moto inaungua kabla nyama haijaiva. Mimi nachukua kitawi kimoja kibichi, nakilaza usiku kucha kwenye friji pamoja na kuku wa kilo moja na nusu, mtindi, chumvi, tangawizi na kitunguu saumu. Asubuhi nakitoa. Harufu imebaki. Na karafuu waachie pilau.

Mwaka 2016 gazeti la Chicago Tribune lilichapisha orodha ya viungo 11 inayosemekana kuwa ya Colonel Sanders wa Kentucky, mwanzilishi wa kampuni ya kuku wa kukaanga ya KFC. Kampuni haikuithibitisha, lakini vipimo vyake vinafundisha sana. Kwa vikombe 2 vya unga, paprika ni vijiko 4 vya chakula na pilipili manga nyeupe 3. Thaimu? Nusu kijiko. Rihani nusu, oregano theluthi. Majani yote matatu hayafiki hata kijiko kimoja na nusu.

Tena usilambe unga mkavu ukadhani umemwonja kuku. Mafuta ya moto ndiyo yanayoitoa harufu ya majani. Paka bawa moja, likaange, liache lipoe dakika 5 ndipo uonje, maana likiwa la moto sana ulimi hautambui uchungu. Ukikuta umezidisha, ongeza unga, paprika na chumvi kidogo, halafu kaanga bawa lingine. Sukari usiweke, itaungua na kukuongezea tatizo. Mawili matatu yakiliwa jikoni kwa majaribio si hasara.

Siku hizi kila chupa yangu ina kikaratasi: tarehe niliyoifungua, na neno moja, "majani" au "imesagwa".