Stashahada ya uthamini inatosha kusaini ripoti?

SWALI: Shikamoo kaka. Nina stashahada ya Chuo cha Ardhi Morogoro, na nimezoea kazi za fidia: kuhesabu miti, kupima nyumba. Naweza kusaini ripoti ya uthamini, yaani ya kukadiria thamani ya ardhi na mali?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Bado. Kwa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 hapa Tanzania, anayesaini awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini. Kasome shahada ya uthamini, Chuo Kikuu Ardhi kwa mfano, kisha ufanye kazi chini ya mthamini aliyesajiliwa. Usione unacheleweshwa. Minazi ikisahaulika kwenye fomu ya fidia, mzee wa watu anahama shambani bila haki yake, na hilo huniuma mno. Anza leo kuweka kumbukumbu za kila kazi unayoshiriki, uzoefu utaulizwa.