Dada Unayepanda Kilimanjaro Desemba, Anza na Mvua

Juzi dada mmoja wa Buzuruga, hapa Mwanza, amenitumia ujumbe: "Kaka, Desemba napanda Kilimanjaro. Kila asubuhi nakimbia hadi Capri Point na kurudi. Inatosha?" Najua kwa nini Desemba. Anataka kuwa kileleni tarehe 9, kumbukumbu ya mwenge aliopandisha Luteni Alexander Nyirenda mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru. Hata mimi mara ya kwanza nilichagua tarehe hiyo hiyo, nikarudi Mwanza kichwa chini.

Wiki tatu zilizopita nimesimama kilele cha Uhuru, mita 5,895. Nalisema kwa fahari, kwa sababu safari ile ya kwanza niliishia kibanda cha Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele.

Miguu haikuwa shida yangu, dada. Mtoto aliyekulia kwenye mawe ya Mabatini anapandisha ndoo ya maji kichwani tangu darasa la tatu. Kilichonishinda ni mvua. Sisi watu wa ziwani tunadhani tunaijua. Hapa wingu linakuja alfajiri, linamwaga, saa nne jua limewaka, mawe yanafuka mvuke na shati limekaukia mwilini. Nikapanda mlima na akili hiyo hiyo.

Tulitoka Mandara, kambi ya kwanza, anga safi. Tulipoumaliza msitu ukungu ukashuka, mvua ikatupiga mpaka Horombo, kambi ya pili. Nilikuwa na jinzi na fulana ya pamba. Pamba ndiyo iliyotusomesha wengi wetu Usukumani, siisemi vibaya, lakini mlimani usiivae. Ikishanywa maji haiyaachii, na maji hayo yanakunyonya joto usiku kucha. Koti langu jipya likavuja kwenye mishono. Begi la kulalia nikalikuta limelowa upande wa miguuni. Horombo ni mita 3,720, jua halikuja kutukausha. Soksi nilizoanika kibandani zilikuwa mbichi vilevile asubuhi.

Kesho yake jioni, pale Kibo, nilitaka kufunga zipu ya koti. Vidole niliviona vimeshika kile kichuma, lakini sikukihisi. Mpagazi mmoja, kijana mdogo kabisa kwangu, akapiga goti akanifungia kama mtoto wa chekechea, kisha akaenda kumwita kiongozi wetu. Saa sita usiku wenzangu wakaondoka na taa zao vichwani. Nilibaki kitandani nikisikiliza viatu vyao kwenye kokoto. Mmoja wao ni rafiki yangu, na mpaka leo akinitambulisha kwa watu husema, "Huyu aliishia Kibo." Inauma.

Safari ya pili nilijiandaa kwa kulowa. Mvua ikinyesha wenzangu wakikimbilia vibarazani, mimi natoka na begi la kilo saba kupanda kilima cha Bugando, nikirudi nafungua kila kitu natazama maji yamepita wapi. Jumamosi mbili nilizunguka mitumba ya Mlango Mmoja nikisoma vibandiko vya shingoni, natafuta sufu, maana sufu hata ikilowa inatunza joto. Nikanunua nailoni nene kwa mita, ile wanayofunikia dagaa wingu likitokea. Humo nilifunga begi la kulalia, soksi mbili, glavu za akiba na nguo za usiku wa kileleni. Sikuifungua njiani hata nilipotetemeka. Kaeni na nidhamu hiyo, ndugu zangu. Nguo kavu ya usiku ule haivaliwi mchana.

Na ulipe siku ya ziada ya kuzoea hewa Horombo. Sisi tunalala mita 1,140 hivi, mwili haupandi kwa kasi ya pesa yako. Kichwa kikiuma mwambie kiongozi, usifiche kwa ajili ya picha. Vijana wengi tunataka picha ya kileleni kuliko tunavyotaka kujiandaa, na mlima hauangalii hamu yako.

Usiku wa kileleni chupa za maji nilizigeuza, mdomo chini, kwa kuwa barafu huanzia juu. Betri za tochi nililala nazo kifuani. Nilipofungua ile nailoni, soksi zilikuwa kavu, zinanukia sabuni ya nyumbani.

Kwa hiyo Capri Point endelea nayo, dada. Ila wingu likitanda ziwani usirudi ndani. Vaa begi lote unalopanda nalo, tembea saa mbili, kisha uniandikie kilicholowa.