Maswali ya Wasomaji: Picha Kumi na Mbili na Ukuta Mmoja

Swali: Shikamoo Maalim. Mimi ni binti wa miaka 26, nakaa Chake Chake, na chuoni nilisoma Kiswahili na historia. Wenzangu watatu wanachora na mmoja anasuka ukili. Wameniomba niwaandalie maonyesho katika ukumbi wa skuli wakati wa likizo, kisha niyaandikie makala. Kazi zenyewe ni kumi na mbili. Iliyo kubwa kuliko zote ni mchoro wa karafuu zilizoanikwa kando ya barabara. Nianzie wapi, na je, ni lazima kwanza nipate shahada ya sanaa? – M., Chake Chake

Jibu: Marahaba, mwanangu. Suala la shahada nilimalize upesi. Okwui Enwezor, Mnigeria aliyeongoza maonyesho makubwa ya sanaa ya Documenta mjini Kassel, Ujerumani, mwaka 2002, naye akiwa Mwafrika wa kwanza kukabidhiwa kazi hiyo, alisomea sayansi ya siasa na alianza kama mshairi. Koyo Kouoh, mzaliwa wa Kameruni aliyeanzisha kituo cha sanaa cha RAW Material Company mjini Dakar, Senegali, alisomea mambo ya benki huko Uswisi. Shahada husaidia, wala siidharau, lakini angalia kwamba Enwezor alishiriki kuanzisha jarida la sanaa, Nka, mwaka 1994, miaka minane kabla ya Kassel. Kuandika kulitangulia kutundika. Wewe uliyesoma Kiswahili na historia huanzi na mikono mitupu.

Watu wengi hudhani mratibu wa maonyesho ni mtu wa kupigilia misumari na kumtafuta mgeni rasmi. Kazi yake hasa ni kuamua kipi kiingie, kipi kibaki nyumbani, na nini kikae ubavuni mwa nini. Kwa hiyo kabla hujaupima ukuta, andika katika daftari swali moja ambalo maonyesho yako yanauliza, kwa sentensi moja, bila ya maneno kama "utajiri wa utamaduni wetu", ambayo hayaulizi kitu. Huenda swali lako likawa: mikono ya Pemba hufanya kazi gani ambazo hazionekani? Ukishalipata, zipitie kazi zote kumi na mbili moja baada ya moja. Isiyojibu swali hilo iwekwe kando hata kama ni nzuri, na mwenyewe aelezwe mapema na kwa upole. Nisingeshangaa ukibaki na saba, na saba zinatosha sana kwa ukumbi wa skuli.

Ukili nao ufikirie kwa makini, maana hapo ndipo uratibu unapoonekana. Ukiuweka juu ya meza karibu na mlango, wageni watauliza bei. Ukiutundika ukutani kwa urefu ule ule wa michoro, watauliza namna rangi zinavyopishana, na nani aliyemfundisha msukaji. Ukili ni ule ule, ila mahali ulipo pamebadilisha swali. Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 na kupata Tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017, ana kazi ya mwaka 2004 iitwayo Naming the Money. Ni sanamu bapa 100 zilizokatwa kwa ukubwa wa binadamu na kupakwa rangi, za Waafrika waliofanywa watumwa katika majumba ya Ulaya, na kila moja ina maelezo yanayotaja jina la asili la mtu na jina alilobandikwa. Hazikupangwa ukutani. Mtazamaji hupita katikati yao kama apitaye kwenye umati, na mpango huo ni sehemu ya maana ya kazi yenyewe.

Sasa ukuta. Mwaka mmoja nilitundika michoro kumi kwa misumari katika nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, na usiku wa kwanza minne ikaanguka pamoja na mabonge ya chokaa. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hazishiki msumari mwembamba, na ukizidi kuzigonga unazijeruhi. Siku ya pili tulifunga papi kwenye boriti, tukateremsha mishipi ya kuvulia samaki, na hakuna kilichoanguka tena. Ukumbi wako ukiwa wa matofali ya saruji hutapata taabu hiyo, lakini kagua kwanza. Katikati ya kila mchoro pawe kiasi cha sentimita 150 kutoka sakafuni; sisi tuna tabia ya kutundika juu mno, kama tunavyotundika picha za viongozi. Kazi za karatasi zisielekee dirisha la magharibi, kwani jua la alasiri hula rangi na unyevu wa pwani hukunja karatasi isiyo na kioo.

Kuhusu makala, nina shauri moja tu ambalo nimelirudia kwa wanafunzi wangu mpaka wamelichoka: eleza unachokiona kabla ya kueleza maana yake. Chukua huo mchoro wa karafuu. Ukiandika kwamba "msanii ameonyesha kwa ustadi mkubwa umuhimu wa zao la karafuu kwa uchumi wetu", umeandika jambo ambalo mtu angeweza kuliandika bila ya kufika ukumbini. Simama mbele ya mchoro dakika kumi. Karafuu za upande gani bado ni za kijani, na zipi zimekwisha kuwa kahawia? Kuna mtu juu ya jamvi, au jamvi li peke yake? Rangi imepakwa nene mahali gani, na wapi kitambaa kinaonekana chini yake? Kama kuna alama ya tairi iliyokatiza pembeni mwa jamvi, basi umepata sentensi yako ya kwanza, kwa sababu barabara na karafuu zinagombania nafasi, na hilo msomaji ataliona mwenyewe bila ya kuambiwa habari za uchumi.

Kabla ya likizo, ingia Makumbusho ya Pemba pale ngomeni Chake Chake, usome vibandiko vya maelezo tu, vitu uviache. Ona ni kibandiko kipi kimekufanya urudi kukitazama kitu upya. Ukivuka kwenda Dar es Salaam, pitia Nafasi Art Space, ambako utawakuta wasanii wakiwa kazini na kazi zikiwa ukutani.

Swali: Maalim, mnaposema "sanaa ya kisasa" mnakusudia nini? Je, michoro ya Tingatinga imo? – Msomaji, Malindi, Unguja

Jibu: Lawama ni ya neno lenyewe. Kwa "kisasa" tunataja mambo mawili: sanaa ya karne ya 20 iliyoachana na kanuni za zamani, na sanaa inayofanywa leo na wasanii walio hai. Mimi hii ya pili huiita "sanaa ya wakati huu" ili kuepuka mkanganyiko. Edward Saidi Tingatinga, aliyechora juu ya mbao za kubanwa (hardboard) kwa rangi za baiskeli na kufariki mwaka 1972, ni wa historia. Anayechora kwa mtindo wake leo yumo katika wakati huu, hata kama kazi yake inauzwa dukani Mji Mkongwe baina ya vipuli na viungo. Suala ni kama ameongeza chochote juu ya alichorithi.

Swali: Gazeti limeniomba niandike kuhusu maonyesho ya rafiki yangu, na kazi zake nyingi ni dhaifu. Nifanyeje? – H., Wete

Jibu: Taja urafiki wenu katika aya ya kwanza, au ikatae kazi hiyo. Ukiikubali, andika kwa kirefu kuhusu zile mbili tatu unazoweza kuzitetea, useme wazi kwamba zilizobaki hazijafika na kwa nini, na umwendee nyumbani umwambie usoni kabla gazeti halijatoka.